Ramani Yenye Tarehe za Uongo

Jumatatu, 2 Machi

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi, na hata saa sita haijafika korido nzima ya zahanati ilikuwa matope. Nimenunua daftari hili kwa sababu Daktari amenipa kazi nisiyoielewa, na mimi jambo nisipoliandika haliniingii kichwani.

Mimi ni karani wa mafaili katika zahanati ya watoto, mwaka wa sita huu. Wazazi wananiita Dada wa Mafaili. Kosa langu ni kwamba mwaka jana nilijitia kimbelembele nikaenda mafunzo ya kompyuta ya wiki mbili. Basi. Tangu siku hiyo kila kitu chenye waya ni changu, hadi birika la chai likiharibika naitwa mimi.

Sasa wamenipa tovuti. Ina kurasa arobaini na moja, Daktari ameziandika mwenyewe moja moja: homa, kuhara, chanjo, kikohozi, mtoto anayekataa kula. Zimeandikwa vizuri mpaka raha. Ila hakuna anayeziona. Ukiandika jina la zahanati yetu kwenye mtambo wa kutafuta, unaletewa duka la magodoro.

Daktari aliniita ofisini, na kiti hakunikaribisha. Mama yule hana maneno mengi. "Dada, mzazi ambaye mtoto wake anachemka hatafuti jina letu. Anaandika 'mtoto ana homa nifanye nini'. Nataka akiandika hivyo atukute sisi, asikutane na matapeli. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi."

Nikasema, "Sawa, Dokta." Sauti yenyewe ilitoka kama ya kitoto cha paka. Namwogopa huyu mama, siwezi kudanganya daftari langu mwenyewe.

Jumatano, 4 Machi

Nimempigia fundi aliyetujengea tovuti. Kijana wa mizaha, lakini kazi anaijua. Akaniambia tunachokosa ni ramani ya tovuti.

"Nichore ramani?"

"Usichore kitu, dada yangu, utatuaibisha. Ni orodha tu. Unawaambia wale wenye mtambo: jamani, tuna kurasa hizi na hizi, anwani zake hizi, na kila mmoja ulibadilishwa mara ya mwisho tarehe fulani. Roboti zao, yaani programu zinazozunguka kusoma tovuti, zikipita zinaisoma, zinajua zianzie wapi. Bila hiyo zitakuja siku zikijisikia."

Ameniongoza hatua kwa hatua kwa simu, huku mvua inapiga bati na mimi nasema "Eh? Eh? Rudia!" Mwisho maandishi ya kijani yakatokea: imepokelewa. Nilicheza kidogo pale pale nyuma ya kabati la mafaili. Nesi akaniona.

Ijumaa, 6 Machi

Kurasa tatu tu kati ya arobaini na moja zimeingizwa kwenye mtambo. Mvua.

Jumatatu, 9 Machi

Bado tatu. Daktari amepita dirishani kwangu akauliza, "Vipi?" Neno moja tu, na kijasho chembamba kikanitoka.

Nimekaa nikafikiri. Kama roboti zinafuata tarehe ya mabadiliko, si nizipe tarehe? Nikafungua ile ramani, na mbele ya kila ukurasa nikaandika kwamba umebadilishwa leo. Arobaini na moja zote, wakati hata nukta sikuigusa. Nimeamua nitafanya hivyo kila asubuhi kabla sijafungua dirisha la mafaili. Dakika nne haziishi. Nani anaumia? Roboti haina mama.

Fundi sijamwambia. Atataka sifa ziwe zake.

Ijumaa, 13 Machi

Thelathini na nne! Zimeingia thelathini na nne! Leo nimetembea korido pua juu.

Jumanne, 17 Machi

Ukurasa wa homa umekuwa wa kwanza. Wa kwanza kabisa. Ukiandika "mtoto ana homa dawa kiasi gani", juu ya majibu yote kinatokea kisanduku chenye maneno yetu kwa herufi kubwa: mtoto wa miaka mitatu, vijiko viwili vidogo vya dawa ya maji ya homa, mara nne kwa siku. Huna hata haja ya kufungua tovuti, jibu liko pale pale mbele ya macho.

Mdogo wangu, ambaye ameolewa mbali na ana mtoto wa miaka miwili, amenipigia kelele kwenye simu: "Dada, nimewaona! Nimemwonyesha shemeji yako, nimemwambia huyu ni dada yangu!" Mama naye amewapigia majirani wote watoke wakatafute homa kwenye simu zao.

Daktari alisimama dirishani, akasema, "Umefanya kazi nzuri." Miaka sita sijawahi kulisikia hilo. Nilikwenda chooni kulia kidogo kwa furaha, kisha nikarudi kama hakuna kitu.

Ijumaa, 20 Machi

Mvua. Zote arobaini na moja zimeingia. Nimebadilisha tarehe.

Jumatatu, 23 Machi

Nimebadilisha tarehe.

Alhamisi, 26 Machi

Leo Mzee wa Dawa amekuja dirishani na chupa mbili. Ndiye mfamasia wetu, mzee mwenye miwani ya kamba, anayehesabu vidonge mara tatu na kukuhesabisha na wewe. Huwa nikimwona anakuja najificha nyuma ya mafaili.

"Binti, zitazame hizi. Kuna tofauti?"

Nikatazama. Sanduku lile lile, rangi ile ile, picha ya mtoto yule yule anacheka. Nikasema hakuna tofauti.

"Basi na wazazi wataona hivyo hivyo." Akaniwekea ukucha kwenye maandishi madogo ubavuni. "Kiwanda kimebadilisha dawa. Hii mpya ina nguvu mara nne ya ile ya zamani. Ya zamani imeisha madukani kote, kuanzia sasa ni hii tu. Mtoto aliyekuwa anapewa vijiko viwili, sasa ni nusu kijiko. Akipewa viwili siku mbili tatu mfululizo, ini linaungua. Wa kwetu nitawabandikia karatasi kwenye chupa. Ile tovuti yako irekebishe. Sasa hivi, nikiwa nimesimama hapa."

Nikarekebisha akiwa amesimama. Alinisomesha sentensi mara tatu. Dakika kumi tukamaliza, akaondoka.

Nilipotafuta kwenye simu, kisanduku bado kinasema vijiko viwili. Nikajua ni suala la muda. Kesho asubuhi nitaweka tarehe mpya kama kawaida, roboti zitakuja.

Ijumaa, 27 Machi

Vijiko viwili.

Jumamosi, 28 Machi

Vijiko viwili. Nimefungua ukurasa wenyewe, unasema nusu kijiko, kama nilivyoandika. Nimerudi kwenye kisanduku: vijiko viwili, kwa herufi kubwa, na jina letu chini yake. Nimepeleka ramani upya mara tano leo. Mama ananiuliza mbona chai inapoa, nikamwambia kichwa kinaniuma. Kweli kinauma.

Tunapokea watoto wa homa arobaini kwa siku sasa, mvua hii imeleta kila aina ya homa. Kama wanaokuja kwetu ni arobaini, walioko majumbani mwao na simu mkononi ni wangapi?

Jumatatu, 30 Machi

Nimempigia fundi. Nilijitia kuuliza kama swali la kawaida tu. Alicheka mwanzoni, akasema, "Mbona ukurasa umebadilishwa tangu Alhamisi na roboti hazijarudi? Si kawaida kwa ukurasa unaosomwa na watu wengi hivyo. Hebu nitumie ramani yako."

Nikamtumia. Akaifungua.

"Dada. Tarehe zote ni za leo."

"Ndiyo."

"Na Ijumaa zilikuwa?"

"Za Ijumaa."

"Tangu lini unafanya hivi?"

Nikamwambia. Akaguna, na safari hii hakuweka mzaha wowote. "Sikiliza. Ule mtambo unaweka kumbukumbu. Mwanzoni uliambiwa kurasa zote zimebadilika, ukaja mbio ukakuta hakuna kilichobadilika. Ukaja tena, hakuna. Sasa umeacha kuziamini tarehe zako. Utakuja kwa ratiba yake, labda wiki ijayo, labda mwezi ujao. Juzi ulipobadilisha kweli, ulikuwa umeshajimaliza mwenyewe."

Nikakaa juu ya boksi la mafaili ya zamani. Nikamuuliza nikiufuta ukurasa wote je? Akasema hata nikiufuta, kisanduku kitabaki mpaka roboti zirudi zione haupo. Alinionyesha pa kuomba ukurasa mmoja usomwe upya, nikaomba, ukaingia kwenye foleni. Foleni haina ahadi.

"Njia ya uhakika ni moja," akasema. "Kuna kitufe cha kuficha ukurasa kwenye matokeo. Kikibonyezwa leo, kesho kisanduku hakipo. Lakini ni cha mwenye akaunti peke yake. Namba ya kuthibitisha inakwenda kwenye simu yake."

"Mwenye akaunti ni nani?"

"Si Daktari wako?"

Mungu wangu.

Niandike ukweli wote, maana hapa hakuna anayesoma. Karani aliyekuwepo kabla yangu alifukuzwa kwa sababu ya tarehe. Mtoto alikosa chanjo wiki moja, yule karani akaandika kwenye kadi kwamba alichanjwa siku yake, ili rejista ipendeze. Daktari alimtoa mbele ya wazazi wote waliojaa pale kwenye benchi. Alisema, "Anayeandika tarehe ya uongo hapa ni sawa na aliyempa mtoto sumu." Nesi ndiye aliyenisimulia, siku yangu ya kwanza kazini, akicheka. Na mimi nimeandika tarehe za uongo arobaini na moja kila siku ya kazi, wiki tatu nzima.

Nikienda kumwambia, nimekwisha. Labda foleni itasogea kesho.

Jumanne, 31 Machi

Vijiko viwili. Daktari amewaambia wafanyakazi wote kwenye kikao kwamba tovuti imefikia lengo kabla ya mwezi kuisha, wakanipigia makofi. Mzee wa Dawa hakupiga makofi. Aliniuliza, "Ile sentensi umeiweka?" Nikasema nimeiweka. Si nimeiweka?

Jumatano, 1 Aprili

Vijiko viwili.

Alhamisi, 2 Aprili

Leo mdogo wangu amepiga simu kuniambia mwanawe amechemka tangu asubuhi. Hata hakumaliza sentensi. "Usimpe dawa! Umempa? Umempa kiasi gani?" Akashtuka, akasema bado, shemeji ndiyo kwanza ametoka kuinunua. Nikamwambia asome ubavuni mwa chupa, nusu kijiko, tena chini ya nusu kwa umri wake, asifuate kile kisanduku chetu. "Kwani si ninyi mlioandika?" akaniuliza. Nikamwambia kimepitwa na wakati, kinarekebishwa.

Nilipokata simu nilishukuru Mungu kwa sauti. Kisha nikabaki nimeishika ile simu mkononi. Wa kwangu nimemwonya. Wa wenzangu nimewaachia foleni.

Nilisimama, nikaenda mpaka mlangoni kwa Daktari. Alikuwa na mgonjwa. Nikarudi. Ningeweza kungoja atoke. Sikungoja.

Ijumaa, 3 Aprili

Vijiko viwili. Sijala. Mvua imekatika leo saa mbili nzima, kisha ikarudi kwa hasira. Naangalia mlango, kila mzazi akiingia na mtoto aliyelegea, natega sikio mpaka nisikie nesi anasema kikohozi, au kuhara. Nimekuwa mtu wa kufurahia kuhara.

Jumanne, 7 Aprili

Imetokea.

Saa tatu asubuhi ameingia baba mmoja, amelowa chapachapa, amembeba binti wa miaka mitatu kifuani ndani ya koti lake. Mkewe nyuma, kiatu kimoja. Wametembea kutoka ng'ambo ya daraja kwa sababu magari hayapiti, maji yamejaa. Mtoto alikuwa anatapika, macho yana umanjano, hata kulia hawezi. Nesi alimchukua kutoka mikononi mwa yule baba hata bila kuuliza jina.

Mimi ndiye mwandishi wa faili. Nikaandika. Homa tangu Jumamosi. Dawa gani? Ya maji ya homa, mpya, wameinunua dukani. Kiasi gani?

"Vijiko viwili vidogo, mara nne kwa siku," akasema yule baba. "Jumamosi, Jumapili, jana. Sikukosea hata mara moja, nilikuwa naweka kengele kwenye simu."

Daktari alikuwa amesimama nyuma yangu. Alisema kwa ukali, "Vijiko viwili? Nani alikuambia vijiko viwili?"

"Ninyi, Daktari. Nilitafuta, nikaona ni zahanati ya watoto, nikasema hawa ni watu wa kuaminika. Nikafuata kama mlivyoandika."

Daktari alikuja kwenye kompyuta yangu, akafungua ukurasa wetu wa homa yeye mwenyewe, akaugeuza uso wa kompyuta umtazame yule baba. "Soma hapa."

Akasoma kwa sauti, polepole, maji yakimdondoka kwenye nywele. "Nusu... kijiko."

"Umesoma vibaya," akasema Daktari. "Ukisoma vibaya dawa ya mtoto, unamuua mtoto."

"Haikuwa hivi, Daktari. Kilikuwa kisanduku, juu kabisa. Simu yangu imezima, ningekuonyesha."

Hapo mkewe akapata sauti. Sikuwahi kusikia mtu akilia huku anasema kama vile. "Nilikwambia tuulize! Nilikwambia ni nyingi, ukasema wewe unasoma! Wewe ndiye msomi! Toka mbele yangu. Toka!"

Naye akarudi nyuma, akagonga ukuta, akabaki pale. Mzee wa Dawa alikuwa ametoka chumbani kwake na dawa ya kukata sumu mkononi. Alinitazama juu ya miwani. "Binti, si ulirekebisha?"

"Nilirekebisha, mzee. Si hivyo inaonekana?"

Ndicho nilichosema. Neno kwa neno. Nikaingia chooni nikafunga mlango, nikatafuta kwa simu yangu. Vijiko viwili. Kwa herufi kubwa.

Sikutoka kumwambia mtu. Nilinawa uso nikarudi kuita faili linalofuata.

Jumatano, 8 Aprili

Mtoto yuko hai. Wamempa dawa ya kukata sumu kwa mrija, damu yake inapimwa kila asubuhi kuona ini. Leo vipimo vimepanda kuliko jana. Daktari amesema kesho ndiyo itaamua: vikishuka amepona, vikiendelea kupanda hakuna la kufanya hapa na barabara ya hospitali kuu imekatika.

Mkewe hamruhusu yule baba kuingia wodini. Amekaa kwenye benchi la korido tangu jana na lile koti lake bichi. Saa saba alikuja dirishani kwangu. Nilidhani anakuja kunishika shati.

"Samahani, Dada wa Mafaili, unaweza kunisaidia kidogo?" Ananiomba samahani, mimi! "Nataka unifungulie tena ule ukurasa. Nimefikiri sana. Pengine ni macho yangu. Nilikuwa sijalala, mtoto analia, labda niliona viwili nikadhani... Nataka niuone tu, nijue nilikosea wapi. Maana nikijua nilikosea wapi, nitaweza kumwambia mke wangu."

Nikamfungulia. Akasogeza uso karibu na kioo. Alisoma ile sentensi, akaifuata kwa kidole, akairudia. "Nusu," akasema. "Kweli ni nusu. Basi ni mimi." Akanishukuru, akarudi kwenye benchi.

Jana niliposikia maneno yake kwa mara ya kwanza nilijiambia moyoni, afadhali awe mzembe tu. Nilimwombea awe mzembe. Na mtu aliyeweka kengele kwenye simu asikose dozi, mtu anayekuja mwenyewe kutafuta kosa lake kwenye kioo cha kompyuta yangu, huyo ndiye niliyemwacha ajihukumu.

Nilipofika nyumbani nilimwambia Mama kila kitu, tangu tarehe za kwanza. Alikuwa anakunja nguo. Aliendelea kukunja mpaka nikamaliza, akaniuliza, "Mtoto wa mdogo wako anaendeleaje?"

"Amepona."

"Ulimpigia simu siku hiyo hiyo?"

"Yeye ndiye aliyepiga."

Akaweka ile nguo chini. "Kesho usinywe chai hapa. Nenda moja kwa moja ukamwambie yule mama Daktari. Usipokwenda, nitakwenda mimi, na mimi sijui kompyuta, nitaeleza vibaya."

Namwogopa Daktari. Lakini zaidi nakiogopa kipimo cha kesho.

Alhamisi, 9 Aprili

Nilimkuta Daktari anafungua mlango wa ofisi, mwavuli bado unachuruzika. Nilisema palepale mlangoni, maana nikikaa nisingesema. Nilisema vibaya, nilianza na roboti, nikarudi kwenye tarehe, akanikatiza: "Unasema nini? Yule baba alisoma nini?"

Nikampa simu yangu. Ilikuwa imefunguka kwenye kisanduku.

Alikisoma. Nilingoja kelele. Nilitaka kelele. Akasema, "Nilimfokea." Kisha, "Kitufe kiko wapi?" Tulikaa kwenye kompyuta yake, namba ya kuthibitisha ikaingia kwenye simu yake, akabonyeza mwenyewe. Wakasema ombi limepokelewa, ukurasa utaondoka ndani ya siku moja. Mwanzo hadi mwisho, dakika tatu. Nilikuwa nikiziogopa dakika hizo tatu siku kumi nzima.

"Kazi yako tutaizungumza baadaye," akasema. "Na zahanati zote za ng'ambo ya daraja zipigiwe simu leo, Mzee wa Dawa ana namba zao. Sasa twende."

Yule baba aliinuka alipotuona tunakuja, akadhani ni habari ya kifo. Daktari alisimama mbele yake kama mwanafunzi mbele ya mwalimu. "Baba, juzi nilikuambia umesoma vibaya. Nilikukosea. Ulisoma sawasawa. Kosa ni letu. Huyu atakueleza."

Nikamweleza. Safari hii sikuanza na roboti. Nilisema: dawa ilibadilika, nilirekebisha ukurasa, lakini kwa sababu ya ujanja nilioufanya mimi mwenyewe maneno ya zamani yaliendelea kuonekana juu. Nilijua yanaonekana. Sikusema. Nikamwonyesha kisanduku, kilikuwa bado hakijaondoka. Alikisoma. Alipumua kama mtu aliyetua mzigo, kisha uso ukabadilika, nikarudi nyuma hatua moja. Nilidhani atanipiga, na nisingejikinga.

"Mwambie mke wangu," akasema. "Hivyo hivyo ulivyosema. Usipunguze."

Wodini mtoto alikuwa amelala, mkono umefungwa mrija. Mama yake alikuwa amekaa kwenye benchi pembeni ya kitanda. Nikarudia yote, sikupunguza.

"Ulijua lini?" akaniuliza.

"Jumatatu ya wiki iliyopita ndipo nilipojua jinsi ya kukiondoa."

"Sisi tulianza kumpa Jumamosi."

"Ndiyo, mama."

"Siku tano."

"Siku tano."

Hakunitukana. Alimtazama mumewe pale mlangoni na koti lake, akasogea kwenye lile benchi. "Baba, njoo ukae." Akaja, akakaa, akaweka kichwa mikononi. Nikageuka niondoke.

"Wewe unakwenda wapi?" akasema yule mama. "Wamekwenda kusoma damu. Kaa hapa. Tutayasikia wote."

Benchi ni fupi. Nafasi ilikuwa upande mwingine wa yule mama, kwa hiyo nikakaa hapo, bega langu limegusana na lake. Tulikaa hivyo kama saa nzima. Mvua ilikuwa inapiga dirisha, na mtoto alikuwa anapumua kidogo kidogo, mimi nahesabu. Sikuwahi kuogopa hivi maishani, hata siku aliyokufa Baba. Niliomba kila dua ninayoijua, na nyingine nikazitunga.

Daktari akaingia na karatasi. Alianza kusema akiwa bado mlangoni, hakutungojesha. "Vimeshuka. Vimeshuka vyote. Ini linarudi."

Yule baba alitoa sauti ambayo si neno. Mkewe aliushika mkono uliokuwa karibu naye, akaubana kwa nguvu zote, analia, anasema asante, asante, asante. Ulikuwa wangu. Alipoinua macho akaona ni wangu, akauachia.